Samaki walikufa mara mbili: uchambuzi wa kisa cha furiko la kwanza mtoni

Kisa hiki kinahusu kipande cha kilomita 6 cha mto mmoja katika bonde la Ziwa Victoria. Majina ya mto, vijiji, taasisi na watu yameondolewa, siku zimehesabiwa kuanzia tukio lenyewe, na vipimo vimezungushwa kidogo bila kubadili maana. Kimeandikwa kwa ajili ya maafisa uvuvi, jumuiya za watumia maji na yeyote anayeweza kuitwa alfajiri kutazama samaki waliokufa, kisha akatakiwa aamue jambo kabla jua halijawa utosini.

Mto ulivyokuwa kabla ya mvua

Kiangazi kilikuwa kimepita miezi 3. Mto ulikuwa umebaki vilindi vya mita 1.5 hadi 3, vikiunganishwa na maji membamba yanayopita juu ya mawe. Juu kabisa kulikuwa na banio la umwagiliaji: ukuta wa mita 2, wenye mbao za kuzibia upande wa juu, kila moja ikiwa na kimo cha sentimita 15, na lango la chini la kutolea tope. Nyuma ya ukuta maji yalikuwa yametulia muda mrefu, na tope laini jeusi lilikuwa limejaa hadi usawa wa lango hilo.

Kilomita 2 chini ya banio kulikuwa na lindi kubwa ambamo viboko wapatao 60 walishinda kiangazi chote. Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku na hunya majini mchana. Mto ukiwa unakwenda, kinyesi hicho husambaa na kulisha wadudu na samaki kwa umbali mrefu. Maji yakisimama, hutuama chini. Bakteria wanaokiozesha humaliza oksijeni ya sakafuni, kisha hukusanyika amonia, salfaidi (kemikali ya salfa inayonuka mayai viza) na chuma kilichoyeyuka. Juu ya lindi maji yanaweza kuonekana ya kawaida kabisa, na chini yake pamelala mzigo unaosubiri kutikiswa.

Chini ya lindi hilo ndipo zilipoanza kilomita 6 za kisa chetu. Kilomita 1.5 ndani yake kiliingia kijito cha changarawe chenye kivuli, kisichokauka, ila mdomo wake ulikuwa umezibwa na fungu la mchanga. Maji yake yalipenya chini ya mchanga, samaki hawakuweza kupita.

Samaki wa hapo hawalingani kwa uvumilivu, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kisa. Kuyu (Labeobarbus altianalis) ni samaki wa maji yanayokimbia, mwenye mwili mkubwa unaodai oksijeni nyingi. Ningu (Labeo victorianus) hukwangua mwani kwenye mawe, na mvua za kwanza zikinyesha hupanda mto kwenda kutaga. Hongwe (Bagrus docmak) hukaa chini, kwenye kina. Gogogo, furu na sato huvumilia zaidi. Kambare (Clarias gariepinus) ana kiungo chenye matawi mithili ya mti juu ya matamvua yake, na kwa hicho huvuta hewa moja kwa moja.

Siku ya 1

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku juu ya banio. Alama ya tope kwenye nguzo ya kupimia kina ilionyesha baadaye kwamba maji yalipanda sentimita 40, na walinzi wa mashamba walisikia mto ukibadilika sauti karibu saa 8 usiku. Saa 12 asubuhi wavuvi waliwakuta kuyu wakubwa wamelala ubavu pembezoni, midomo wazi, vifuniko vya matamvua vimetanuka. Furu na sato wadogo walikuwa hai, wamejipanga juu kabisa midomo ikigusa uso wa maji. Huo ndio utando mwembamba ambao bado unapokea oksijeni kutoka hewani, na samaki mdogo mwenye mdomo ulioelekea juu anaweza kuishi kwa kuufyonza. Kaa walikuwa wametoka majini na kuparamia mawe.

Hadi saa 4 asubuhi walikuwa wamehesabiwa samaki zaidi ya 400 waliokufa: wengi kuyu, kisha hongwe, na ningu wachache. Hakupatikana kambare hata mmoja. Majike wa ningu waliopasuliwa walikuwa na mayai yaliyoiva.

Afisa uvuvi na viongozi wa jumuiya ya watumia maji walifika saa 3:30. Maneno yaliyokuwa yamezagaa ni kwamba mtu ametia sumu. Wiki hiyo mashamba ya juu yalikuwa yamepuliziwa dawa ya wadudu, na utupa, mmea wa sumu ya kuvulia samaki, haujasahaulika kwenye mito hiyo.

Maamuzi ya siku ya kwanza na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuwazuia watu kula samaki hao na kutumia maji ya mto hadi itakapotolewa taarifa. Kwa ushahidi uliokuwapo saa ile, uamuzi huo ulikuwa sahihi. Sumu isipokanushwa, ichukuliwe kuwa ipo.

Wa pili ulikuwa kuchukua sampuli. Maji yalikingwa kwenye chupa za plastiki za vinywaji, nusu chupa, bila barafu. Samaki walichaguliwa miongoni mwa waliokwisha kulainika. Haikuchukuliwa sampuli ya juu ya banio ya kulinganishia.

Wa tatu ulikuwa kupima oksijeni. Kipimo kilifika saa 6 mchana, na kikatumbukizwa mahali rahisi kufikika, chini tu ya maporomoko madogo. Kilisoma miligramu 5.2 kwa lita. Kwa kimo cha eneo hilo, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na joto la nyuzi 25, maji yaliyoshiba oksijeni huwa na takriban miligramu 7.1. Kwa hiyo 5.2 ilionekana ya kuridhisha, na kwenye daftari pakaandikwa: oksijeni si tatizo.

Sentensi hiyo ndiyo iliyozaa msiba wa kesho yake.

Siku ya 2

Asubuhi samaki waliobaki katika vilindi vya chini walikuwa bado wanahema juu ya maji. Kikao kifupi kilifikia hitimisho kwamba sumu imebaki vilindini na dawa yake ni kuuosha mto. Maji mengi ya haraka yalikuwa nyuma ya banio, na njia ya kuyatoa kwa nguvu ilikuwa lango la chini. Likafunguliwa saa 4 asubuhi.

Maji yaliyotoka yalikuwa meusi, yananuka mayai viza. Yalipita lindi la viboko, yakaokota na ya huko, na kabla ya saa 6 yalikuwa yameingia katika kilomita zetu 6. Safari hii hawakufa wakubwa peke yao. Walikufa ningu, gogogo, sato, furu, na hata kambare. Baadhi ya kambare walijivuta kwa miiba ya mapezi ya kifuani hadi kwenye matope ya ukingoni na kufia huko. Waliohesabiwa siku hiyo walizidi 600.

Fundi mmoja wa maabara aliyekuwa amefika na vifaa vya kupimia oksijeni kwa kemikali ndiye aliyegeuza mwelekeo. Alijaza chupa ya kioo ndani ya maji bila kuacha povu la hewa, akaongeza mchanganyiko wa manganisi, kisha ule wa iodidi yenye alkali, akaifunika na kuipindua mara kadhaa. Maji yenye oksijeni hutoa mashapo ya rangi ya kahawia. Chupa ile ilitoa mashapo meupe kama maziwa yaliyoganda. Hakuhitaji kuendelea na hatua ya tindikali wala kuhesabu matone: maji yale hayakuwa na oksijeni ya kupimika. Aliionyesha chupa, na lango likafungwa saa 7 mchana.

Kabla ya kufanya jambo jingine lolote, alidai lifanyike jaribio la chupa kwa maji yaliyosimama nyuma ya banio, ya juu na ya sakafuni. Nitalieleza mbele, kwa sababu lilistahili kufanywa saa 4 asubuhi.

Jioni yalifanyika mambo mawili. Banioni iliondolewa ubao mmoja wa juu, ili yamwagike maji ya juu tu na kupigwa na hewa yakianguka kwenye sakafu ya mawe. Wa pili haukuondolewa hadi asubuhi, baada ya kuhakikisha kwamba kina katika lindi la viboko hakijapanda zaidi ya sentimita 5; kupanda kwa ghafla kungetikisa mzigo wa chini upya. Na kwenye mdomo wa kijito vijana walichimba mfereji ndani ya fungu la mchanga, upana mita 1, kina sentimita 40. Kabla giza halijaingia, migongo ya kuyu ilikuwa tayari inaonekana ikipanda kinyume cha mkondo mdogo ule. Wavuvi wenyewe walikubaliana kwamba hakuna nyavu wala mgono mita 200 kila upande wa mdomo huo kwa siku 5.

Matokeo

Vipimo vya alfajiri, katika kilindi kimoja kilekile, vilikuwa miligramu 1.9 kwa lita siku ya 3, 2.8 siku ya 4 na 4.3 siku ya 6. Hakukuwa na vifo vipya vya kuhesabika baada ya siku ya 3. Sampuli za sumu zilirudi bila jibu: maabara ilisema hazifai kupimwa. Shutuma dhidi ya mashamba ya juu hazikuthibitishwa wala hazikufutwa, na uhasama ulibaki kwa muda mrefu kuliko harufu ya samaki.

Miezi 3 baadaye, kuyu wadogo na furu walikuwa wengi kwenye maji ya mawe. Kuyu wakubwa walionekana kijitoni na juu yake tu. Samaki wa aina hiyo hukua taratibu, na pengo la jike mkubwa halizibwi kwa msimu mmoja.

Uchambuzi: mto ulisema nini asubuhi ya kwanza

Ushahidi ulikuwapo kabla ya kipimo chochote. Wakubwa walikufa kwanza, wadogo wakabaki wakifyonza juu: oksijeni ikipungua, mwili mkubwa ndio huishiwa mapema, ilhali dawa nyingi za wadudu huanza na wadogo. Vifo vilitokea kabla ya mapambazuko, mara baada ya maji kupanda. Kaa walikimbia maji wakiwa wazima, na mabuu ya wadudu yalikuwa bado yanatambaa chini ya mawe. Dawa ya wadudu ingewaua hao kabla ya samaki yeyote. Na vifo vilianza chini ya lindi la viboko, si chini ya mtaro wa shamba.

Kambare aliye hai ni dalili nzuri, lakini isitegemewe peke yake. Utupa una rotenoni, ambayo haipunguzi oksijeni ya maji bali huzuia chembe hai za mwili zisiitumie. Samaki aliyetiwa utupa naye hupanda juu kuhema, kwa hiyo kwa macho matukio haya mawili yanafanana sana, na kambare ni mgumu kwa yote mawili. Kinachoyatenganisha ni kipimo cha oksijeni kilichochukuliwa wakati samaki wanahema. Ikiwa maji yana oksijeni ya kutosha na samaki bado wanatapatapa, hapo itafutwe sumu.

Hicho ndicho kipimo kilichokosewa. Makosa yalikuwa matatu kwa mpigo. Saa: wimbi la maji mabaya lilikuwa limekwisha pita, na mwanga ulikuwa umeupa mwani nafasi ya kuzalisha oksijeni. Mahali: chini ya maporomoko ndipo hewa inapochanganyika zaidi kuliko pengine popote. Kina: kilipimwa juu tu. Kipimo cha kuaminika huchukuliwa kuanzia kabla ya jua kuchomoza, katikati ya kilindi, sentimita 20 chini ya uso na tena sentimita 30 juu ya sakafu, baada ya kurekebisha kifaa kwa kimo cha mahali. Namba ya 5.2 ilikuwa kweli. Ilijibu tu swali ambalo hakuna aliyelihitaji.

Tukio la kwanza lenyewe ni la asili kwa kiasi kikubwa. Katika Mto Mara, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mafuriko yanayosomba vilindi vya viboko hushusha oksijeni kwa kilomita nyingi chini: kwa miaka 3 iliyofuatiliwa, mara 13 ilishuka hadi kiwango cha hatari, na vifo vya samaki vilitokea mara 9 katika miaka 5. Huko Pantanal, Amerika Kusini, wenyeji wana jina kabisa la maji mabaya yanayokuja na mwanzo wa mafuriko, dequada, pale mto unapofunika majani yaliyooza. Samaki wa mito hii wameishi na hali hiyo tangu zamani, na wanachokitumia kuokoka ni mahali pa kukimbilia: mdomo wa kijito, maji ya mawe, uso wa maji. Ningu hawana anasa hiyo wakati huu, kwa kuwa furiko linaloleta maji mabaya ndilo hilohilo linalowaita kupanda kutaga. Ni kwa sababu ya hitaji hilo la mahali pa kukimbilia kwamba kufungua mdomo wa kijito kulizaa matunda haraka kuliko yote yaliyofanywa.

Tukio la pili lililetwa na binadamu. Maji ya sakafuni nyuma ya banio hayakuwa yamekosa oksijeni tu. Yalikuwa na deni lake. Salfaidi na chuma kilichoyeyuka huila oksijeni mara vinapokutana nayo, kwa hiyo hata maji mazuri yaliyochanganyika nayo huharibika njiani. Zaidi ya hapo salfaidi ni sumu yenyewe, na karibu na pH 7, yaani maji yasiyo tindikali wala alkali, takriban nusu yake huwa katika umbo la gesi linalopenya matamvua. Kambare anayevuta hewa hawezi kuikwepa kwa kupanda juu, kwa sababu ngozi na matamvua yake bado vimo majini. Kufa kwa kambare siku ya 2 ndiko kunakothibitisha kwamba siku hizo mbili ziliua kwa njia mbili tofauti.

Jaribio la chupa

Hili hugharimu muda wa saa 2 na nusu, na lifanywe kila mara kabla ya kutoa maji yaliyosimama kuyapeleka penye samaki.

Chota maji kwenye kina kilekile cha lango, pamoja na tope kidogo, kwa chupa yenye uzito inayofunguliwa kwa kamba ikiwa chini. Jaza ndoo nusu, yamimine kutoka ndoo hadi ndoo mara 10 ili yashibe hewa, kisha pima oksijeni. Jaza chupa tatu hadi juu bila povu, zifunike, zizungushie kitambaa cheusi zisipate mwanga, zilaze kwenye kivuli ndani ya ndoo ya maji ya mto ili joto lisibadilike. Fungua moja baada ya nusu saa, nyingine baada ya saa 1, ya mwisho baada ya saa 2, upime. Usiifungue chupa moja mara tatu, maana kila ukiifungua unaingiza hewa. Fanya vivyo hivyo kwa maji ya juu.

Siku ya 2 maji ya sakafuni nyuma ya banio yalianza na 6.6 baada ya kumiminwa, yakasoma 3.9 kwa nusu saa, 2.4 kwa saa 1 na 0.8 kwa saa 2. Maji ya juu yalianza na 6.9 na baada ya saa 2 yalikuwa bado 6.5. Yanayopoteza zaidi ya nusu ya oksijeni ndani ya saa 2 yasiachiwe mtoni mto ukiwa mdogo, hata kama yanaonekana safi. Tope la banio hutolewa katikati ya masika, mto ukiwa umejaa, kwa kupenyeza lango kidogo kidogo.

Kosa la sampuli nalo lisirudiwe. Kwa dawa za wadudu hutakiwa chupa ya kioo cheusi, iliyojazwa pomoni, karatasi ya alumini chini ya kifuniko, ndani ya barafu, na nyingine kama hiyo kutoka juu ya eneo la tukio. Samaki achaguliwe anayekufa, si aliyekufa. Afungwe kwa karatasi ya alumini na kugandishwa. Aliyekwisha kulainika hasemi kitu.

Msimu uliofuata

Lango la chini lilitiwa kufuli kwa miezi yote ya kiangazi, na ufunguo ukawa kwa watu wawili ambao lazima wakubaliane. Mdomo wa kijito ulichimbwa wiki 3 kabla ya mvua kutarajiwa, na ukachimbwa tena mara mbili mchanga uliporudi. Furiko la kwanza lilipofika, kipimo cha alfajiri chini ya lindi la viboko kilisoma miligramu 0.9 kwa lita, kibaya vilevile kama inavyotarajiwa. Mbao mbili za juu ziliondolewa kwa zamu. Mdomoni mwa kijito kuyu na ningu walikuwa wamebanana kiasi kwamba mapezi yao ya mgongoni yalikuwa nje ya maji. Siku 3 zilizofuata, kwenye kilomita zote 6, walihesabiwa samaki 37 waliokufa.